Tunasikitika Kutangaza Kwamba Mheshimiwa ni Mzima

Mlionisoma wiki iliyopita mnajua nilivyotoka mahabusu nimeshika suruali kwa mkono, mkanda umebaki kwa afande. Kosa langu lilikuwa dogo tu. Nilichanganya karatasi mbili: tangazo la ng'ombe aliyepotea na tangazo la sherehe ya kumuaga bibi harusi, mtoto wa mwenyekiti wa mtaa. Tunduma nzima ikasikia kwamba bibi harusi ana baka jeupe ubavuni, sikio la kushoto limekatwa, na atakayemwona amfunge kamba.

Kwa asiyenijua, naitwa Mika. Nina pikapu kuukuu yenye spika mbili za tarumbeta juu ya paa, nazunguka mitaani natangaza. Ndiyo maana wananiita Spika. Shule niliishia darasa la tano, na siku niliyoacha mwalimu alifurahi kuliko mimi.

Baada ya lile la ng'ombe wateja wote walinikimbia. Waliobaki ni wafiwa. Marehemu hata ukikosea sifa zake hakufuati nyumbani na fimbo. Nikawa natangaza misiba asubuhi mpaka jioni, na nikitokea mtaani watu wanaulizana, "Leo nani tena?"

Kaseti ya kwaya ya maombolezo nayo ilikuwa imekwama ndani ya redio ya gari. Haitoki hata kwa bisibisi. Nikiwasha gari, kwaya inaanza yenyewe.

Hali yangu ilikuwa hiyo Alhamisi ile ya mwaka 2005, mwaka wa uchaguzi, Lusubilo aliponikuta gereji nimelala chini ya injini.

Lusubilo ni mdogo wake Mheshimiwa Zebedayo, tumbo moja, na ndiye aliyekuwa mpambe wake. Mheshimiwa Zebedayo ndiye diwani wetu. Kabla ya udiwani alikuwa akiuza mahindi ng'ambo, Nakonde, upande wa Zambia, na sauti yake ilikuwa inavuka mpaka kabla ya magunia yake.

"Spika," Lusubilo akaniita, "unaweza kutunza siri?"

"Bwana Lusubilo, mimi kazi yangu ni kupiga kelele."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Hakuna atakayekudhania."

Nikatoka chini ya gari. Akaniambia Mheshimiwa ana malaria kidogo.

Nikajua mambo yameharibika. Siku zile kiongozi hakuwa na ugonjwa mwingine. Akivunjika mguu, malaria. Akipata wazimu, malaria. Mwananchi wa kawaida ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kuugua anachoumwa.

"Jumapili ni kura za maoni," Lusubilo akaendelea. "Wanachama watachagua kati ya kaka na Abdulwahab mwenye malori. Na mitaani wameshaanza kusema kaka amekufa, tumemficha. Twende nyumbani ukamwone kwa macho yako."

Tukaenda Chapwa. Tukaingia kwa mlango wa jikoni, kama wezi wa kuku.

Mheshimiwa alikuwa ameketi sebuleni, amevalishwa suti, ameegemezwa mito kila upande asianguke. Mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja. Mkono wa kulia umelala pajani kama wa mtu mwingine aliyeusahau pale. Mkewe, Ketrina, ambaye sote tunamwita Mama Tabita, alikuwa anamfuta mate kwa kitambaa.

"Iangalie hiyo malaria," akaniambia.

Nikainama. "Shikamoo, Mheshimiwa."

"Bwino," akajibu.

Hilo ni neno la ng'ambo. Tunduma kila mtu analijua, hata asiyewahi kuvuka mpaka. Mzambia akikuuliza hali, bwino. Akikuuliza mzigo, bwino. Maana yake ni nzuri tu, salama, hakuna shida.

"Unasikia?" Lusubilo akasema, uso umemchangamka. "Mwenyewe anasema yuko salama."

"Shemeji, acha utani na uhai wa mtu," Mama Tabita akamjibu. "Mika, tangu Jumatatu neno ni hilo moja. Mengine yote yameondoka, limebaki la biashara. Muulize kama anataka kumwagiwa uji wa moto, atakujibu hivyohivyo."

"Ni kiharusi?" nikauliza.

"Daktari wa zahanati alikuja kwa siri. Amesema apelekwe Mbeya haraka, mkono huu bado unaweza kurudi, na ulimi pia. Akikaa, kingine kitampiga, na hicho hakitamwacha. Ufunguo wa gari uko mfukoni kwa shemeji yangu."

"Hospitali ya Mbeya imejaa watu wa Tunduma," Lusubilo akasema. "Akionekana mmoja tu kwenye kiti cha magurudumu, Jumapili hatuna kitu. Kiti hiki si cha kaka peke yake, ni cha ukoo. Apite Jumapili, Jumatatu nampeleka hata India."

"Na Jumapili atasema nini ukumbini?"

"Jumapili bado mbali."

Mama Tabita akanigeukia mimi. Nikajifanya naangalia dari. Ilikuwa dari ya kawaida tu.

Nje, Lusubilo akaniwekea mkono begani. "Zunguka mji mzima, tangaza kwamba Mheshimiwa ni mzima, yuko nyumbani anapumzika. Kuanzia leo wewe si Spika. Wewe ni Ofisa Habari wa Mheshimiwa."

Ndugu msomaji, kama angenipa ng'ombe ningekataa. Kama angenitisha ningekimbia. Lakini Ofisa Habari! Mimi, ambaye barua ya mwisho kuandikiwa ilikuwa hati ya kuitwa polisi! Nilitoka pale nimetanua mabega mpaka nikashindwa kupita mlango wa gari vizuri.

Nikawasha gari. Kwaya ikaanza.

Nikapita sokoni, nikapita stendi, nikapita kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka. Mguu wangu ulikuwa umeshazoea mwendo wa jeneza, hivyo gari lilikwenda kwa mwendo wa jeneza. Nikashika maiki, nikasafisha koo, nikafungua kinywa. Ulimi ukafuata njia yake ya kila siku:

"Ndugu wananchi, tunasikitika kuwatangazia..."

Nikashtuka. Lakini mtangazaji harudi nyuma. Nikasonga mbele hivyohivyo:

"...tunasikitika kuwatangazia kwamba diwani wetu mpendwa, Mheshimiwa Zebedayo, ni mzima! Yuko nyumbani kwake Chapwa. Habari hizi ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote walipo: Vwawa, Mlowo, Mkwajuni, Galula na ng'ambo Nakonde!"

Lori likapiga honi ndefu palepale kwenye neno "mzima". Sikujali.

Kinyozi akaacha mkasi juu ya kichwa cha mteja. Mama mmoja akatua ndoo. Dereva wa lori akavua kofia, akaiweka kifuani. Mimi nikasema moyoni, ona heshima ya Ofisa Habari.

Mzee mmoja akanisimamisha, macho yamemlowa. "Lini, mwanangu?"

"Jumapili, mzee!"

"Wapi?"

"Ukumbi wa chama! Msikose!"

"Hatuwezi kukosa. Alikuwa mtu wa watu."

Hilo "alikuwa" lilinipita juu ya kichwa. Vitu vingi hunipita huko, ni njia yao.

Nilimaliza mji mchana, nikageuza kurudi Chapwa kupokea pongezi.

Nilianza kuona wanawake barabarani. Wamejifunga vitenge viunoni, wamejitwisha unga kwenye mabeseni. Wengine wana kuni kichwani. Wote wanaelekea ninakoelekea. Nikawapigia honi, nikawapungia mkono. Hawakunipungia.

Kwa Mheshimiwa uwanja ulikuwa umejaa. Wanaume wamekaa kwenye mabenchi, vichwa chini. Sufuria kubwa liko juu ya mafiga, maji yanachemka. Vijana wawili wenye sururu walinikimbilia.

"Spika, tuonyeshe mahali. Tuchimbe karibu na kahawa au kule nyuma?"

"Mchimbe nini?"

Kabla hawajajibu, kilio kikapasuka. Bibi Loisi, shangazi yake Mheshimiwa, alikuwa ameshuka kwenye basi kutoka Mlowo, anajitupa chini, anainuka, anajitupa tena, na kila akijitupa wanawake wote wanampokea kwa sauti.

"Zebedayoo! Umeniacha na naniii!"

Lusubilo alitokea nyuma ya nyumba, akanishika shingo ya shati, akanikokota mpaka kwenye ukuta.

"Umetangaza nini, wewe mtu?"

"Nimetangaza uzima."

"Uzima gani huu wenye kuni?"

Nikazitazama zile kuni. Zilikuwa nyingi kweli.

Tukiwa pale, lori likaingia. Abdulwahab mwenyewe ameshuka, kanzu nyeupe, kofia mkononi, na vijana wake wanateremsha magunia ya mchele, turubai na kuni za wiki nzima. Mgombea mwenzake! Alisimama katikati ya watu, machozi yanamtoka bila aibu.

"Ndugu zangu, mimi na marehemu tulikuwa tunashindana, lakini hakuwahi kunisema vibaya. Nilipofika hapa mjini kutoka Tanga sina ndugu, ndiye aliyenipa ghala la kulala. Mwenyezi Mungu amrehemu."

Watu wakalia upya. Lusubilo akaniminya mkono mpaka vidole vikafa ganzi. "Anachukua kura zote kwa machozi. Fanya kitu! Wewe si Ofisa Habari?"

Nikapanda juu ya pikapu, nikashika maiki.

"Ndugu zangu! Tulieni! Mheshimiwa hajafa! Mimi ndiye niliyetangaza, na ninatangaza tena: ni mzima! Chukueni unga wenu mrudi nyumbani!"

Mtu akasema, "Huyu si ndiye aliyesema bibi harusi ana mkia?"

"Sikusema mkia!"

Bibi Loisi akainuka, vumbi limemjaa mpaka kope. "We kijana, kama mwanangu ni mzima, atoke tumwone."

"Amelala, shangazi," Lusubilo akadakia.

"Najua amelala! Ndiyo tunamlilia!"

Watu wakaanza kusogea mlangoni. Lusubilo akajipanga mbele yao kama golikipa. Na hapo ndipo nilipopata wazo. Mawazo yangu mazuri huwa hayafiki kabisa, lakini mabaya hufika mbio.

Nikauvuta waya wa maiki, nikaupitisha dirishani nyuma ya pazia, nikazunguka kwa mlango wa jikoni.

Mama Tabita alikuwa amekaa sakafuni, amemshika mumewe miguu. Aliponiona na maiki alijua.

"Mika, usithubutu."

"Mama, neno moja tu. Wanataka kuvunja mlango."

"Analo hilohilo moja."

"Ndilo tunalolitaka."

Nikainama, nikaweka maiki kwenye ule mdomo uliopinda. "Mheshimiwa, wananchi wako nje. Wanauliza hali yako."

"Bwino!"

Nyumba ikatetemeka. Ilikuwa sauti yake ileile, imetoka kwenye tarumbeta zangu mbili, imegonga bati, imevuka barabara.

Nje wakapiga vigelegele. Wanawake walewale waliokuwa wanagaagaa chini wakaanza kucheza. Bibi Loisi akapiga kigelegele kirefu nikadhani atazimia.

"Mwanangu! Malaria imekwisha?"

"Bwino!"

"Umekula?"

"Bwino!"

"Jumapili utakuwepo?" mtu akapaza sauti.

"Bwino!"

Lusubilo aliingia mbio, akanikumbatia, akanibusu kwenye paji la uso. Nikajiona nimefika. Nikaona ofisi yangu, meza yangu, kibao chenye jina langu. Niliona hata pazia la ofisi, la bluu.

Kisha nikamsikia Abdulwahab dirishani. Alikuwa anafuta machozi, sasa ya furaha, na naamini hadi leo alisema kwa mapenzi tu.

"Mheshimiwa, alhamdulillahi, nimefurahi. Umetutisha, kaka. Sasa nikutanie mbele ya watu: kama umechoka, si uniachie hicho kiti mimi mdogo wako?"

Nilitaka kuondoa maiki. Sikuwahi.

"Bwino!"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Lusubilo akapiga kelele dirishani, "Anatania! Mheshimiwa anatania!" Lakini watu wa kwetu wakishaonja mzaha hawauachi mezani. Kijana mmoja mwenye sururu akauliza, "Mheshimiwa, yale mabati ya shule ni wewe uliyeyala?"

"Bwino!"

"Na ile mifereji?"

"Bwino!"

Watu walikuwa wanashikana mabega wasianguke. Mwingine akauliza kama kweli ana mke mdogo Nakonde. Likawa bunge kamili, maswali na majibu, na Spika nikiwa mimi.

Nikawa nacheka pia. Ni lazima niwaambie hilo. Nilikuwa nimeshika maiki ninacheka, mpaka tone la maji likaniangukia mkononi.

Mheshimiwa alikuwa analia. Jicho moja tu ndilo lililolia, lile lingine lilibaki kavu linaangalia ukuta. Alikuwa anasikia kila kicheko. Alikuwa anasikia kila jibu lake mwenyewe. Na kila alipojaribu kulizuia lile neno, shingo ilimkakamaa, mishipa ikamtoka, na neno likatoka lilelile.

Mama Tabita akaninyang'anya maiki. Hakunivuta wala kunisukuma. Alinyoosha tu mkono nami nikampa, kama mtoto aliyefumaniwa akilamba sukari.

"Baba Tabita," akasema, na spika zikalisema nje. "Unaumwa?"

"Bwino."

"Unaogopa?"

"Bwino."

Kicheko nje kikapungua.

"Hawa wanakuua?"

"Bwino."

Hakuna aliyecheka tena. Nilisikia maji yanavyochemka kwenye sufuria la uwanjani.

"Mmemsikia," Mama Tabita akasema. "Hana neno lingine. Ana kiharusi tangu Jumatatu. Daktari amesema Mbeya, shemeji yangu amesema Jumapili. Mimi sitaki unga wenu, sitaki kuni zenu. Nataka gari."

Lusubilo alirukia maiki, akachelewa. Mlango ulikuwa umeshafunguka na Bibi Loisi ameshaingia. Alimwangalia mpwa wake, akamshika ule mkono uliokufa, akauweka shavuni. Kisha akamgeukia Lusubilo.

"Ufunguo."

"Shangazi, ukoo haujakaa."

"Mimi nimesimama. Lete ufunguo."

Lusubilo akatoka nje, anaita wazee wa ukoo kwa majina. Abdulwahab akasema lori lake linaruka sana, litamuua mgonjwa njiani. Watu wakatazamana. Halafu, mmoja baada ya mwingine, wakaigeukia pikapu yangu.

Na mimi nikaiangalia. Sijawahi kuiona mbaya kama siku ile.

"Mika," Mama Tabita akaniita.

Nitasema ukweli: nilifikiria kwanza ile meza na lile pazia la bluu. Nilifikiria kusema breki hazifanyi kazi. Tena isingekuwa uongo wote. Lakini mkono wangu ulikuwa bado umelowa.

"Leteni godoro," nikasema.

Abdulwahab ndiye aliyembeba Mheshimiwa, mgombea amembeba mgombea, kanzu imechafuka vumbi. Tukamlaza nyuma. Mama Tabita akakaa upande wa kichwa, Bibi Loisi upande wa miguu. Lusubilo alinifuata mlangoni kwa dereva.

"Ukiondoa hili gari, hutapata kazi tena Tunduma nzima."

"Bwana Lusubilo, tayari sina."

Nikawasha. Kwaya ikaanza kuomboleza. Nilipiga redio ngumi, ikaongeza sauti.

Tukatoka Chapwa tukashika barabara ya Mbeya. Kila tulipopita watu walisimama. Waliokuwa kwenye baiskeli walishuka. Polisi wa barabarani alinipigia saluti, akasimamisha magari mengine yote atupishe. Pengine hakuna mgonjwa aliyewahi kupelekwa hospitali kwa heshima ile. Kwenye kioo namwona Mama Tabita akiwapigia watu kelele, "Yu hai! Yu hai!" nao wanatikisa kichwa kwa huruma, maskini, bado hajakubali.

Tulikuwa hatujafika Vwawa gari la Mheshimiwa lilipotupita kwa kasi, likakata mbele yangu, likasimama kukingama barabara. Nikakanyaga breki. Zilishika, nikashangaa.

Lusubilo akashuka na wazee wawili wa ukoo. Kushoto na kulia kwetu kahawa tupu, hakuna nyumba.

"Ukoo umekaa," akasema. "Kaka anarudi nyumbani."

"Umekaa wapi?" Bibi Loisi akamuuliza kutoka juu. "Ndani ya gari?"

"Shangazi, shuka."

"Nishushe wewe."

Mama Tabita akasimama kwenye godoro, amefunga kitenge upya kama mtu anayejiandaa kupigana. Mmoja wa wazee akashika mlango wa nyuma wa pikapu kuufungua. Nikashuka nikashika upande wangu. Tukawa tunavutana mlango, mzee na mimi, kila mmoja anamwomba mwenzake samahani.

Ndipo tuliposikia.

"Sitaki."

Tukaganda. Mheshimiwa alikuwa ameinua kichwa kidogo. Mdomo unatetemeka. Neno jipya, la Kiswahili, limetoka zima.

"Sitaki," akasema tena.

"Mmesikia!" Lusubilo akaruka. "Hataki kwenda Mbeya! Amesema mwenyewe!"

"Hataki kurudi!" Mama Tabita akamjibu. "Hataki hicho kiti chenu!"

"Baba, hutaki nini?" Bibi Loisi akamwinamia. "Sema, mwanangu. Hutaki nini?"

"Sitaki," akasema, na lile jicho likaanza kulia tena.

Wazee wakatazamana. Mmoja akasema Mbeya. Mwingine akasema hapana, amesema hataki kelele. Wakaanza kugombana wao kwa wao, na katikati yao mtu anasema sitaki, sitaki, na kila mmoja analichukua kwenda nalo kwake.

Nikapanda nyuma. Sijui kwa nini. Nikapiga magoti kwenye godoro, nikautia mkono wangu ndani ya mkono wake wa kushoto, ule mzima.

"Mheshimiwa," nikamwambia polepole, "mimi ni Mika. Usiseme kitu. Kama unataka twende Mbeya, nibane."

Akanibana. Akanibana mpaka mifupa ikalia.

"Amebana!" nikapiga kelele. "Anataka Mbeya! Amenibana mkono!"

Lusubilo akanitazama, akacheka kidogo. "Nani mwingine ameona?"

Wazee wakaangalia chini. Bibi Loisi alikuwa amegeukia upande wa pili. Hata Mama Tabita, ambaye kuliko wote alitaka niwe nimesema kweli, alinitazama usoni muda mrefu, anatafuta mahali pa kuniamini, na sidhani alipapata.

"Mtangazaji wetu anasema amebanwa," Lusubilo akawaambia wazee. Akazunguka mpaka mlango wa dereva, akaingiza mkono dirishani, akauchomoa ufunguo wangu. Kwaya ikakatika katikati ya wimbo. Akaurusha ufunguo kwa nguvu zake zote katikati ya kahawa.

Nikataka kuruka chini nikautafute kabla sijasahau ulipoangukia.

Lakini Mheshimiwa alikuwa bado ameushika mkono wangu, na hakutaka kuuachia.